Nani Acheze na Nani Aamue: Kanuni za Ligi za Mchangani kutoka Uwemba hadi Makambako

Ligi ya mchangani, ambayo mijini huitwa pia ndondo, ni shindano la mpira wa miguu linaloendeshwa na kamati ya kijiji, kata au mtaa nje ya ngazi rasmi za Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF), na ambalo wachezaji wake hawalipwi mshahara bali hutoka shambani, gereji au kijiweni na kurudi hukohuko kesho yake. Kwa kuwa ligi hizi ni nyingi na kanuni zake mara nyingi hubaki midomoni mwa waandaaji, watu wamezoea kuamini mambo mawili yanayopingana: kwamba sheria za FIFA hutawala kila mpira unaopigwa, na kwamba ligi ya burudani ni mali ya aliyetoa mbuzi wa zawadi, naye anaweza kutunga kanuni apendavyo. Imani hizo mbili hukaa pamoja kwa amani hadi hatua ya nusu fainali, ambapo timu iliyofungwa hudai kanuni zifuatwe na timu iliyofunga hukumbusha kwamba huu ni mchezo wa kujenga urafiki tu.

Uchambuzi huu unaitazama kata ya Uwemba, iliyo kusini mwa mji wa Njombe, na kuilinganisha na Makambako, mji wa njia panda ulio ndani ya mkoa huohuo wa Njombe, kwa sababu tofauti kati ya mahali hapo pawili inaonyesha vizuri kuliko mfano mwingine kwa nini kanuni inayofaa kijiji kimoja huweza kuharibu ligi ya mji wa jirani.

Sheria 17 na kanuni za shindano

Chanzo kikubwa cha mkanganyiko ni maneno mawili ambayo washabiki huyachanganya. Sheria za mpira wa miguu ni 17, nazo hutungwa na bodi ya kimataifa ya IFAB, iliyoanzishwa mwaka 1886, wala si na FIFA peke yake. Sheria hizo hueleza uwanja, mpira, idadi ya wachezaji, vifaa, kazi ya mwamuzi, kuotea, rafu na adhabu zake. Kanuni, kwa upande mwingine, ni makubaliano ya shindano lenyewe: nani anastahili kusajiliwa, timu ikichelewa inasubiriwa dakika ngapi, sare inaamuliwaje, rufaa inapelekwa kwa nani. Sheria 17 hazisemi lolote kuhusu kijana aliyezaliwa Uwemba lakini akahamia Mbeya, na ni bure kutafuta jibu humo.

Hata hivyo, upande wa pili nao hauko sahihi unapodai uhuru kamili. IFAB yenyewe imetaja mambo yanayoweza kubadilishwa katika soka la vijana, la wakongwe, la watu wenye ulemavu na la ngazi ya chini kabisa, ambayo ni pamoja na ukubwa wa uwanja, uzito wa mpira, ukubwa wa magoli, muda wa kucheza, mchezaji aliyetolewa kurudi tena uwanjani, na adhabu ya kutolewa kwa muda. Mabadiliko hayo huhitaji ridhaa ya shirikisho la nchi, na yasiyo kwenye orodha hiyo hayaguswi. Kamati inayoamua kwamba penalti ipigwe hatua 9 kwa sababu uwanja ni mfupi imepunguza ukubwa wa uwanja, jambo linaloruhusiwa. Kamati inayoamua kwamba kipa asiguswe kabisa, hata akiwa na mpira miguuni nje ya eneo lake, imetunga mchezo mwingine.

Kisheria, michezo yote nchini iko chini ya Baraza la Michezo la Taifa (BMT), lililoundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967, na klabu hutakiwa kusajiliwa. Timu nyingi za vitongoji hazijawahi kufika huko. Kwa hiyo uamuzi wa kamati ya kata hauna nguvu ya kisheria ya kuilazimisha timu, bali hutegemea kukubalika kwake; timu ikigoma, hakuna leseni ya kuifungia. Udhaifu huu ndio unaopaswa kukumbukwa kabla ya kuandika kanuni yoyote, kwa maana kanuni isiyoweza kusimamiwa humfaidisha yule tu aliye tayari kuivunja.

Uwanja, msimu na watu

Ligi za Uwemba hufuata kilimo. Mvua za nyanda za juu huanza karibu na Novemba na kukatika Aprili au Mei, na katika kipindi hicho viwanja hulowa na mikono yote iko kwenye mahindi na viazi mviringo. Kiangazi kinapoingia, kazi hazikomi, kwani familia nyingi hulima vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazotumia unyevu uliobaki ardhini, lakini jioni hupatikana nafasi. Wakati huohuo vijana waliokwenda kusoma au kupasua mbao hurudi likizo, na hapo ndipo timu zinapopanuka ghafla na maswali ya usajili kuanza.

Viwanja vyenyewe vina mteremko, na sheria imelitibu jambo hilo bila kulitaja: mshindi wa kurusha shilingi huchagua ama goli la kushambulia ama kuanzisha mpira, kisha pande hubadilishwa baada ya mapumziko. Ng'ombe akikatiza na kuugusa mpira, mwamuzi husimamisha mchezo na kuuanzisha kwa kuudondosha. Mambo haya, ambayo mgeni angeyadhania kuwa kero kubwa, kwa kweli huleta ugomvi mdogo sana.

Makambako ni jambo jingine. Mji huo uko pale barabara ya kwenda Songea inapochepuka kutoka barabara kuu ya Tanzania na Zambia, una kituo cha reli ya TAZARA, na wakazi wake wengi ni wapangaji: wafanyabiashara, mafundi, madereva, waendesha bodaboda. Timu za mahali kama hapo hujengwa na mtaa, kijiwe au kazi kuliko ukoo na kitongoji. Nani ni mkazi wa Makambako ni swali ambalo hata mjumbe wa mtaa husita kulijibu.

Mamluki

Neno mamluki lina asili ya Kiarabu na kwanza liliwataja askari watumwa, ambao baadhi yao waliitawala Misri tangu mwaka 1250 hadi 1517. Katika Kiswahili likawa na maana ya askari wa kukodiwa, na katika lugha ya viwanjani likamwangukia mchezaji anayeletwa na timu isiyo yake kwa ajili ya mechi moja au shindano moja. Malalamiko kuhusu mamluki husikika hata katika mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, ambako kuna rejista za wanafunzi na walimu wa kuzisimamia. Kata isiyo na rejista haiwezi kutarajia nafuu.

Sababu ya kwanza ya umamluki ni zawadi. Mashindano yanayodhaminiwa na diwani, mbunge au mfanyabiashara hutoa mbuzi, ng'ombe, jezi au fedha, na kadiri zawadi ya mshindi wa kwanza inavyokua ndivyo inavyolipa kumgharamia nauli, chakula na posho mchezaji wa ligi ya wilaya au zaidi. Mkoa wa Njombe umeshakuwa na timu ya Ligi Kuu, Njombe Mji, iliyocheza msimu wa 2017/18 ikitumia Uwanja wa Sabasaba na kushuka daraja msimu huohuo, kwa hiyo wachezaji waliowahi kuonja soka la juu hawako mbali. Sababu ya pili husemwa kwa sauti ndogo: watazamaji wanawapenda. Ndondo za Dar es Salaam zilipata umaarufu mkubwa katika miaka ya 2010 kwa sehemu kwa sababu mashabiki waliweza kuwaona wachezaji wa timu kubwa wakicheza kwenye vumbi, karibu kiasi cha kuguswa.

Misimamo kuhusu suala hili ni mitatu. Wa kwanza ni wa ukazi: acheze anayeishi kijijini. Uzuri wake ni kwamba unaendana na lengo la ligi, yaani kuwapa nafasi vijana wa mahali, na kwamba huko Uwemba unaweza kusimamiwa bila karatasi, maana mtu anayelala kitongojini hujulikana na majirani wote. Ubaya wake ni kwamba unamtupa nje kijana wa hapo anayesoma Iringa, huku ukimruhusu mgeni aliyepangishwa chumba wiki mbili kabla ya ligi. Pia uthibitisho wake wa kawaida ni barua ya mtendaji wa kijiji au ya mwenyekiti wa kitongoji, naye ni mpenzi wa timu ileile anayoiandikia barua.

Msimamo wa pili ni wa asili: acheze aliyezaliwa hapo au mwenye wazazi hapo. Huu huwarudisha wanafunzi na wapasua mbao, na hupendwa na wazee. Lakini humfungia mlango kibarua wa mashamba ya chai aliyetoka mkoa mwingine na ambaye amelima, amelipa michango na kuzika pamoja na wenyeji kwa miaka 10. Kanuni inayomwita mtu huyo mamluki na kumkaribisha mjukuu ambaye hajawahi kulala Uwemba hata usiku mmoja ina kasoro ya haki ambayo ladha ya mpira haiwezi kuifidia. Katika Makambako msimamo huu hauna maana kabisa, kwa kuwa mji wenyewe umejengwa na waliotoka kwingine.

Msimamo wa tatu ni wa soko huria: timu imlete imtakaye. Watetezi wake husema, na si bila hoja, kwamba udanganyifu huisha mara moja kwa sababu hakuna cha kudanganya, kiwango hupanda, watu hujaa na wauza mahindi ya kuchoma hupata riziki. Gharama yake huonekana benchi. Kijana wa kitongoji aliyefanya mazoezi tangu Mei hubaki amevaa jezi bila kuingia, na mwaka unaofuata haji tena. Timu isiyo na mfadhili hufungwa mabao mengi katika makundi na kujitoa. Na ligi iliyoanza na timu 8 hubaki na 3 zenye pesa.

Baina ya misimamo hiyo umezuka utaratibu wa mgawo, ambapo kila timu huruhusiwa wageni wachache, tuseme 2 au 3 uwanjani kwa wakati mmoja, na wageni hao huandikwa waziwazi. Mgawo hauondoi udanganyifu, kwa sababu timu yaweza kumwandika mgeni wa 4 kama mwenyeji. Lakini hupunguza hamu ya kudanganya, na humgeuza mgeni kutoka siri ya kufichuliwa kuwa jina lililobandikwa ukutani. Unahitaji tafsiri moja tu ya mwenyeji, na iliyo rahisi kuliko zote ni ya kuchanganya: anayeishi hapo tangu kabla ya msimu wa mvua uliopita, au aliyesoma shule ya msingi ya hapo. Rejista ya shule ya msingi ni karatasi ambayo mwenyekiti wa kitongoji hawezi kuiandika upya.

Njumu, benchi na kadi

Sheria ya 4 inamtaka mchezaji avae jezi yenye mikono, kaptula, soksi, vikinga ugoko na viatu. Ikifuatwa kikamilifu vijijini, nusu ya wachezaji watakaa nje. Wapo wanaopendekeza wote wacheze pekupeku ili kuwe na usawa, na wapo wanaoacha kila mtu avae alicho nacho, raba kwa yebo yebo. Hatari haimo katika pekupeku yenyewe wala katika njumu, yaani viatu vyenye meno chini. Imo katika mchanganyiko, mguu mtupu unapokutana na njumu za chuma kwenye mpira wa kugombea. Kamati ambayo haiwezi kumvisha kila mtu viatu inaweza angalau kukataza njumu za chuma, na mwamuzi akakagua nyayo za kila mchezaji kabla ya kuanza, kazi ya dakika 5.

Kuhusu wachezaji wa akiba, utaratibu wa kawaida kwamba aliyetoka harudi unafaa wanaolipwa kwa kucheza. Katika ligi ya burudani unawafanya walimu wa timu waogope kuwaingiza wasio hodari. Michezo mingine ilishalitatua hili. Mpira wa magongo, ambao Tanzania iliucheza kwenye Olimpiki ya Moscow ya mwaka 1980 na kushika nafasi ya 6 kati ya timu 6, ulifungua mlango wa kuingia na kutoka bila kikomo katika miaka ya 1990, na katika miaka hiyohiyo ukaifuta sheria ya kuotea. Katika hoki ya mpira, inayochezwa kwa viatu vya kawaida kwenye lami au sakafu badala ya barafu, ligi nyingi za burudani za Kanada na Marekani hukataza pia kumgonga mpinzani kwa mwili, kwa sababu iliyo wazi kwamba mchezaji anasubiriwa kazini asubuhi. Mlima viazi naye anasubiriwa, na jembe halina likizo ya ugonjwa.

Mabadiliko ya kurudi yana hasara moja: timu yenye benchi refu huweza kuwachosha wenye wachezaji 12 tu, na hujaribiwa kupoteza muda kwa kubadilishana kila mpira ukitoka. Dawa yake ni kuruhusu mabadiliko pale mpira unaposimama kwa timu inayourusha au kuupiga tu.

Sheria ya kuotea inaweza kupitiwa haraka. Pasipo waamuzi wasaidizi wenye ujuzi, kibendera cha mshabiki aliyeombwa kusaidia huzua vurugu zaidi ya mabao kinayoyazuia, na kwa viwanja vidogo vya wachezaji 7 kila upande, aina ya mchezo ambao mara nyingi huchezwa bila kuotea, hakuna hasara kuiacha. Kwa wachezaji 11 haimo kwenye orodha ya IFAB, na itabidi ibaki.

Adhabu ya kutolewa kwa muda, ambayo IFAB huikadiria kuwa asilimia 10 hadi 15 ya muda wa mchezo, inafaa zaidi kuliko kadi ya njano pale ambapo hakuna mtu anayetunza hesabu ya kadi za mechi zilizopita. Mchezaji aliyembishia mwamuzi hukaa nje dakika 10, hasira hupoa, timu yake huumia papo hapo, na kamati haihitaji daftari.

Giza la saa 12 na nusu

Mechi nyingi hutangazwa kuanza saa 10 jioni. Kipindi cha kwanza cha dakika 45 kikiisha saa 10:45, mapumziko ya dakika 15 huifikisha saa 11, na kipindi cha pili humalizika takriban saa 11:50 pamoja na muda uliopotea. Ikiwa ni sare na kanuni inataka dakika 30 za nyongeza, penalti, au matuta kama zinavyoitwa, zitaanza karibu na saa 12:25, na mwezi Juni jua la Njombe huzama saa 12 na nusu. Hesabu hiyo inadhani timu zote mbili zimefika kwa wakati, jambo ambalo ni nadra, na inadhani ukungu haujashuka, jambo ambalo mwezi huo haliaminiki. Timu inayoongoza ikichelewesha, giza huwa mchezaji wake wa 12.

Kupunguza vipindi hadi dakika 35 na kuingia kwenye matuta moja kwa moja huleta malalamiko kwamba bahati imepewa nafasi kubwa, na malalamiko hayo ni ya kweli: timu dhaifu inaweza kujilinda dakika 70 kwa urahisi kuliko 90. Lakini mechi isiyomalizika haina kanuni nzuri ya kuimaliza. Ikirudiwa, aliyekuwa akiongoza huona ameibiwa. Matokeo yakiachwa yalivyo, kila timu inayoongoza itajifunza kuchelewesha. Bahati ya matuta inavumilika, kwa kuwa angalau inaonekana kwa macho.

Rufaa na ushindi wa mezani

Sheria ya 5 inasema kwamba uamuzi wa mwamuzi kuhusu matukio ya mchezo ni wa mwisho. Maana yake, rufaa dhidi ya penalti au bao la mkono haipokelewi hata ikilipiwa ada. Rufaa inayopokelewa ni ya ustahili wa mchezaji au ukiukwaji wa kanuni. Kamati nyingi hupokea zote mbili na kujikuta zikisikiliza mashahidi juu ya mkono uliogusa mpira, kazi isiyo na mwisho.

Rufaa ikikubaliwa, adhabu iliyozoeleka ni ushindi wa mezani, yaani pointi 3 na mabao 3 kwa aliyelalamika. Katika ligi ya kitaifa yenye mechi nyingi hilo humezwa na msimu. Katika kundi la timu 4, ambapo kila moja hucheza mara 3, pointi 3 za mezani huamua nani anavuka, na hivyo hualika timu kumngojea mamluki acheze kwanza, zikamlalamikia baadaye endapo zitafungwa. Adhabu yenye busara zaidi ni kuiondolea timu yenye kosa pointi zake bila kumpa mpinzani mabao ambayo hakuyafunga, na kukataa rufaa yoyote juu ya jina ambalo lilikuwa limebandikwa hadharani na halikupingwa.

Kinachofaa wapi

Kwa Uwemba, ambako watu hufahamiana lakini fedha ni chache, uzani unaelemea kwenye tafsiri pana ya mwenyeji, mgawo wa wageni 2, mabadiliko ya kurudi na vipindi vya dakika 35. Kwa Makambako, ambako kufahamiana ni kwa kijiwe na wafadhili wapo, ni afadhali kuacha ukazi kabisa na kutumia kanuni moja ya usajili: mchezaji mmoja, timu moja, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, bila kuongeza jina baada ya makundi kuanza. Zawadi nazo zigawanywe hadi nafasi ya 4, kwa mpira na jezi badala ya fedha taslimu, kwani hakuna kanuni ya usajili itakayoshindana na ng'ombe mzima aliyefungwa kamba nyuma ya goli.

Kote kuwili, kazi kubwa hufanyika kabla mpira haujapigwa. Orodha ya majina 20 ya kila timu, wageni wakiwa wametiwa alama, hubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata au mtaa siku 7 kabla ya droo, pingamizi hupokelewa hadi siku ya 7 saa 10 jioni, na mjumbe wa kamati ambaye timu yake inahusika hutoka nje pingamizi linapojadiliwa. Baada ya hapo manahodha hutia saini, si chini ya orodha za timu zao, bali chini ya orodha za wapinzani wao.